Barua ya wazi kwa mnaoshika ufunguo wa kabati la ala

Waheshimiwa mnaopanga mitaala, maofisa elimu, walimu wakuu, na ninyi wajumbe wa bodi za shule ambao kalamu zenu ndizo hupunguza fungu la hapa na kuongeza la pale,

Salamu nyingi kwenu, na mniwie radhi kwa urefu wa barua. Nimefundisha muziki kwa miaka 19. Muda wote huo kuna sentensi moja ambayo huja na tabasamu mlangoni: "Mwalimu, leo kipindi chako tunakiazima kidogo." Hisabati haiazimwi. Sayansi haiazimwi. Muziki huazimwa, na sijawahi kuona deni hilo likilipwa.

Hata hivyo sikushika kalamu kwa ajili ya vipindi vilivyoazimwa. Nimeishika kwa ajili ya kabati.

Shule moja niliyopitia, ambayo jina lake halina kazi hapa, ilikuwa na kabati la mbao ofisini kwa mkuu, refu kunizidi. Ndani mlikuwa na filimbi 30 za plastiki, magitaa manne, ngoma tatu, na kinanda kimoja kilichofunikwa shuka kama mgonjwa. Ufunguo ulikaa kwenye droo. Kabati lilifunguliwa kukiwa na mgeni. Wiki mbili kabla ya ugeni nilikuwa naitwa, naagizwa nichague watoto 12 "wenye kipaji", niwakaririshe wimbo mmoja, waupige, wapigiwe makofi, wapigwe picha. Jioni ileile ala zinahesabiwa, zinarudi ndani, kufuli linafungwa. Mgeni anaondoka akisifu kwamba shule hii ina muziki. Muziki haikuwa nao. Ilikuwa na kabati.

Ngoma ivumayo haidumu, walisema wahenga, na sidhani kama walikuwa wakiwaza sherehe za shule, ila wamezipatia. Ninachotaka mkisikie ni hiki: anachokipata mtoto kwa kujifunza ala hakimo katika siku ya mgeni. Kimo katika Jumanne ya kawaida, pale anapokosea mahali palepale kwa mara ya tisa na hakuna mwenye kamera.

Kwanza niungame. Sisi tunaoutetea muziki tumewadanganya kidogo, na mimi nimo. Mwaka mmoja niliandika ombi la magitaa sita. Nilijua mkiona neno "furaha" mtalipita juu juu, basi nikaandika kwamba muziki huongeza akili na hupandisha alama za hisabati. Magitaa yakaja. Mihula miwili baadaye akaja mkaguzi. Hakuuliza kama watoto wanajua kupiga. Aliuliza matokeo ya hisabati yako wapi. Nilikuwa nimejifunga kamba kwa mikono yangu mwenyewe.

Ahadi ile ina chimbuko lake. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapa utafiti mfupi wa Frances Rauscher na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha California, Irvine. Wanafunzi 36 wa chuo walisikiliza sonata (muziki wa ala tupu) ya piano mbili ya Mozart, mtunzi wa zamani wa Ulaya, kwa dakika 10, kisha wakapewa maswali ya kufikiria maumbo. Walifanya vizuri kuliko walipokaa kimya au waliposikiliza maelekezo ya kutuliza mwili. Faida yenyewe ilidumu kama robo saa hivi, ikayeyuka. Hapakuwa na mtoto hata mmoja pale, wala aliyegusa ala. Lakini habari ilipofika mitaani ilikuwa imeshanenepa: Mozart huwapa watoto akili. Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, Zell Miller, aliomba dola 105,000 kwenye bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apelekwe nyumbani na kanda au CD ya muziki wa namna hiyo. Nia ilikuwa njema. Ila ni kama kumpa mtu picha ya bahari ukingoje ajue kuogelea.

Wapo waliopima kujifunza kwenyewe. Glenn Schellenberg, nchini Kanada, aliwagawa kwa kura watoto 144 wa miaka sita: wengine wakafundishwa kinanda, wengine kuimba, wengine maigizo, wengine hawakupewa kitu cha ziada. Matokeo aliyatoa mwaka 2004. Baada ya mwaka wa shule wote walipanda katika vipimo vya akili, kwa kuwa shule yenyewe hupandisha; wa muziki kama alama 7, waliobaki kama alama 4 na kitu. Tofauti ipo, lakini ni ya kuitafutia miwani. (Na waliopanda katika kuishi vizuri na wenzao ni wale wa maigizo, kwa hiyo mwalimu wa maigizo naye ana barua yake ya kuwaandikia.) Kisha mwaka 2020 Giovanni Sala na Fernand Gobet walizikusanya tafiti 54 zenye karibu watoto 7,000, wakakuta kwamba kadiri utafiti ulivyopangwa kwa uangalifu, ndivyo faida hiyo ya akili na alama za masomo mengine ilivyosogea kwenye sifuri.

Niliposoma hayo nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikahisi mzigo umenitoka. Hakuna anayeiuliza hisabati imewasaidia nini watoto katika mbio za mita 100. Kwa nini gitaa liulizwe habari za hisabati?

Basi alama tuziweke kando, niwaonyeshe ninayoyaona darasani.

Kwenye gitaa kuna kodi inaitwa F. Siyo kodi mnayoikusanya ninyi. Kodi kwa wapiga gitaa ni sauti kadhaa zinazolia kwa pamoja. Kwa anayeanza, F ndiyo inayorudisha wengi nyumbani. Kidole cha shahada kinalazwa juu ya nyuzi zote sita karibu kabisa na kichwa cha gitaa, na hapohapo vidole vingine vitatu vinatakiwa kila kimoja kiende mahali pake. Usipobana sawasawa, nyuzi hazilii, zinakoroma.

Binti mmoja wa miaka 11 alifika hapo akakwama. Wiki ya kwanza gitaa lilitoa mlio wa mtu anayegonga meza. Alibonyeza mpaka ncha za vidole zikawa nyeupe, akaniambia gitaa ni bovu. Nikalichukua, nikapiga F ileile, ikalia. Alinitazama kwa chuki kidogo, na nilimwelewa. Tukaigawa ile kazi. Wiki nzima nyuzi mbili za chini tu. Iliyofuata, tatu. Siku moja, bila mimi kumwambia, alisogeza kiwiko karibu na ubavu, akagundua kwamba nguvu haitoki kwenye kidole gumba, inatoka kwenye uzito wa mkono mzima. Wiki ya 11 alinikuta mlangoni asubuhi, kengele haijagongwa, hata shikamoo hakunipa. "Mwalimu, imelia."

Hakusema "nimeweza". Alisema imelia, kama mtu anayeripoti jambo lililotokea mbele ya macho yake. Nimelifikiria sana neno lile. Kazi nyingi za shule huanza na kwisha siku hiyohiyo: swali, jibu, vema, kosa, daftari limefungwa. Ni wapi pengine mtoto wa miaka 11 anabeba tatizo moja kwa wiki 11, analiangalia kila siku, analiona likipungua unywele kwa unywele, mpaka linakwisha? Na akiambiwa baadaye kwamba jambo fulani haliwezekani, ana ushahidi wa kubishia, tena ameuvaa kwenye ncha za vidole: sugu nne ngumu za mkono wa kushoto. Kama alama zake nyingine zilipanda, sikuzitazama. Niliacha kuzitazama tangu yule mkaguzi.

La pili ni sikio. Mpe mtoto magitaa mawili, mwambie alinganishe uzi wa moja na wa lingine, kutyuni kama wasemavyo wenyewe. Nyuzi mbili zikikaribiana bila kufikiana, sauti hutetemeka: wou, wou, wou. Ukikaza kidogo, wou zinapungua kasi. Ukikaza tena, zinakuwa ndefu, za kivivu, halafu zinapotea kabisa, na sauti mbili zinakuwa moja. Mara ya kwanza mtoto hasikii kitu. Anakuambia "ziko sawa" huku mimi meno yananiuma. Baada ya miezi anasikia kabla yangu. Mtetemo ulikuwepo tangu mwanzo; aliyebadilika ni yeye.

Na hapa watafiti wana la kusema ambalo halijanenepa njiani. Nina Kraus na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern walifuatilia watoto wa mitaa ya kipato cha chini ya Los Angeles waliokuwa wakifundishwa muziki bure na taasisi iitwayo Harmony Project. Walipima namna ubongo unavyopokea sauti za maneno zinazokaribiana. Katika matokeo ya mwaka 2014, watoto waliosoma mwaka mmoja hawakuonyesha badiliko. Waliosoma miaka miwili walionyesha: ubongo wao ulizitenganisha sauti hizo kwa uwazi zaidi. Naomba mlisome hilo mara mbili, hasa ninyi wa bajeti za mwaka mmoja mmoja. Mradi ungefungwa baada ya miezi 12 na kufanyiwa tathmini, ripoti ingesema haukuleta tija.

Upo pia utafiti wa Krista Hyde na wenzake wa mwaka 2009. Watoto 15 wa umri wa kuanza shule walifundishwa kinanda nusu saa kwa wiki, kwa miezi 15. Picha za ubongo zilionyesha sehemu zinazoongoza vidole na zile za usikivu zimebadilika kuliko za wenzao 16 wasiopewa masomo hayo. Mwili umejenga pale ulipofanyishwa kazi. Mkulima ana mabega, mkimbiaji ana mapaja, mpiga ala ana sikio na vidole. Mimi hilo linanitosha. Sioni sababu ya kulitafutia mahari zaidi.

Hisabati nayo, ukiiacha ije yenyewe, huja. Gitaa la ukubwa wa kawaida lina uzi wa kama sentimita 65 kutoka mwanzo wa shingo hadi daraja, kile kibao kinachoshikilia nyuzi kifuani mwa gitaa. Niliwahi kuwapa watoto rula bila maelezo, nikasema watafute mahali ambapo uzi ukibonyezwa unatoa sauti ileile ya mwanzo, ila nyembamba zaidi. Waliipata kwenye freti ya 12, kile kijistari cha chuma cha kumi na mbili. Wakapima: sentimita 32 na nusu. Darasa lilinyamaza. Kisha mmoja akauliza, "Kwa hiyo nusu ina sauti?" Sikuwa nimeandaa jibu zuri kuliko swali hilo, na mpaka leo sina.

Sasa niwaambie juu ya kijana wa pembetatu. Ni mtoto wa miaka tisa, mguu wake hautulii, na katika masomo mengine ameshahamishwa dawati mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwenye kikundi chetu nilimpa pembetatu, kile chuma kidogo kinachogongwa kikatoa mlio wa kengele. Wenzake walimcheka. Katika wimbo tunaoufanyia mazoezi yeye anakaa kimya mapigo 64, anagonga mara moja, anakaa kimya tena. Mapigo 64 ni mengi kwa mtu ambaye hawezi kungoja mlango ufunguliwe. Mara ya kwanza aligonga kwenye la 20. Mara ya pili alisahau kabisa, akaamka wimbo umekwisha. Hakuna aliyemkaripia, maana hapakuwa na haja: kila mtu alisikia, na yeye alisikia kuliko wote. Akaanza kuhesabu kwa midomo bila sauti. Siku alipogonga mahali pake hasa, wimbo ulifunguka kama dirisha, na wale waliomcheka waligeuka wote kwa pamoja bila kuacha kupiga. Alikuwa ameshaanza kuhesabu upya.

Kungoja ni sehemu ya kupiga. Hilo sijui ningelifundisha vipi kwa chaki.

Katika kikundi mtoto anajifunza pia kwamba kasi siyo ubora. Mpiga ngoma akikimbia, wote wanaanguka, hata kama mikono yake ni hodari. Inabidi apunguze, awasubiri wenye filimbi wavute pumzi. Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, huko Leipzig, Ujerumani, waliwahi kulipima jambo hili kwa watoto 96 wa miaka minne, wakiwachezesha wawili wawili. Baadhi walicheza mchezo wenye kuimba na kupiga ala pamoja. Wengine mchezo uleule bila muziki. Baadaye, mtoto mmoja alipomwaga gololi zake kwa mtego uliotegwa, waliotoka kwenye muziki ndio waliojitokeza zaidi kumsaidia mwenzao. Utafiti huo ni wa mwaka 2010. Mchezo wenyewe ulikuwa wa dakika chache tu, na siwezi kuahidi kwamba bendi ya shule itamaliza ugomvi uwanjani. Yangu hupigana juu ya nani ashike ngoma kubwa.

Kuhusu furaha, sitaandika mengi. Mnaijua.

Niseme na upande mchungu, msije mkadhani nauza dawa. Ala ikifundishwa vibaya huumiza. Nimekutana na watu wazima ambao ukitaja kinanda wanaficha mikono, kwa sababu ya mwalimu wa zamani na rula yake. Nimeona mtoto wa miaka saba amepewa gitaa la mtu mzima, mkono haulizunguki, bega limepanda hadi sikioni, na ripoti ikaandikwa kwamba hana kipaji. Hana gitaa la kumfaa, basi. Fidla hutengenezwa kwa saizi nyingi, hadi ile iitwayo moja ya kumi na sita, inayomwezea hata mtoto wa miaka mitatu. Shinichi Suzuki, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1898, mtoto wa mtengeneza fidla, alijenga ufundishaji wake wote juu ya jambo ambalo kila mzazi analiona: kila mtoto anajifunza lugha ya mama yake, hata ile inayowashinda wageni wasomi. Hakuna anayemchuja mtoto wa mwaka mmoja ili ajue kama ana kipaji cha kusema.

Ndiyo maana hesabu ya "watoto 12 wenye kipaji" inanikera. Darasa lina 40. Wale 12 mara nyingi ni walewale ambao nyumbani kuna redio nzuri, kuna mjomba mwenye gitaa, kuna mtu wa kuwaambia "rudia". Waliobaki 28 ndio shule ilijengwa kwa ajili yao.

Venezuela ina mtandao mkubwa wa okestra za watoto uitwao El Sistema, ulioanzishwa na José Antonio Abreu mwaka 1975. Novemba 2021 wanamuziki wake 8,573 walipiga pamoja jijini Caracas na kuweka rekodi ya okestra kubwa kuliko zote duniani. Sifa zake zimefika kila bara na unastahili nyingi. Lakini benki ya maendeleo ya nchi za Amerika ilipoufanyia tathmini kwa watoto 2,914, matokeo ya mwaka 2017 yalikuwa na mafundisho mawili. Kujitawala kwa watoto kuliongezeka kidogo, na ukorofi ulipungua kwa baadhi, hasa wavulana waliokuwa wamezungukwa na vurugu. Ila maskini, ambao ndio walikusudiwa, walikuwa wachache kuliko ilivyodhaniwa: chini ya mtoto mmoja kati ya watano, ilhali katika majimbo yaleyale karibu nusu ya watoto waliishi katika umaskini. Mlango ulikuwa wazi na bure, na bado waliouona kwanza ni wenye nafasi. Muziki wa hiari, wa baada ya masomo, huwafikia ambao wazazi wao wana muda wa kuwapeleka. Ule wa ndani ya ratiba unamfikia kila aliyeitika jina asubuhi.

Msiniambie ala ni ghali kabla hamjasikia habari za Cateura. Ni jalala kubwa kando ya Asunción, mji mkuu wa Paraguay. Favio Chávez alifika pale kwa kazi ya mazingira, akaanza kufundisha muziki watoto wa waokota taka. Watoto wakawa wengi kuliko ala. Fundi mmoja, naye mwokota taka, akaanza kuunda ala kutokana na vilivyotupwa: sello, yaani fidla kubwa ya sauti nene, la pipa la mafuta, fidla za mabati na uma za mezani. Okestra hiyo imezunguka dunia. Siisemi habari hii ili mtupe pipa badala ya gitaa, maana najua kuna atakayeisoma hivyo. Ninaisema kwa sababu watoto wale hawakuanza na ala nzuri. Walianza na mtu aliyekuja kila wiki.

Na hapo ndipo maombi yangu yalipo. Kipindi cha muziki kikiandikwa kwenye ratiba, kiheshimiwe hadi muhula unapokwisha, na kisifutwe kwa madarasa ya mitihani, kwa sababu mtoto aliyeanza ala akiwa na miaka tisa anaifikia pale inapoanza kunoga akiwa na miaka 12, na ndipo mnapomnyang'anya. Miaka mitatu mfululizo ya ala moja ina thamani kuliko ala sita za kuonjaonja. Fungu la nyuzi, ngozi za ngoma na ukarabati liwepo kila mwaka hata kama ni dogo. Shule hazikosi magitaa, zinakosa uzi wa kwanza, ule mwembamba unaokatika kila mara, na kwa ajili ya uzi mmoja gitaa zima linalala kabatini mwaka mzima. Walimu wa madarasa ya chini wapewe mafunzo ya muziki ya kweli, ya kushika ala mikononi, si semina ya siku moja yenye vyeti. Na mtoto aruhusiwe kwenda nyumbani na ala Ijumaa. Ndiyo, itavunjika moja. Daftari pia hupotea, na hatujawahi kuyafungia kabatini.

Ufunguo mwachieni mwalimu.

Ombi la mwisho ni dogo. Njooni. Msije siku ya wazazi. Njooni Jumanne yoyote saa nane mchana, chumba cha mwisho, mtatufuata kwa kelele. Msitutaarifu. Mkitoa taarifa shule itapigwa rangi, na mimi nitaagizwa kuchagua 12. Mtakuta 40, filimbi nne zikiwa nje ya sauti, mtu mmoja analia kwa sababu ya F, na ngoma inakimbia. Viti vya wageni havipo, mtasimama ukutani upande wa dirishani. Kijana wa pembetatu hukaa hapohapo. Mkimwona midomo inacheza bila sauti, tafadhali msimsalimie. Anahesabu, na akipoteza hesabu tunaanza wimbo upya.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa muziki